Tenga la Ndizi Kwenye Ngazi za Mwalimu Nasra

Saa tatu na robo asubuhi, katika nyumba ya ghorofa moja jirani na Mazimbu, mjini Morogoro, mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu anajitwika tenga la ndizi na kuanza kupanda ngazi. Hashiki popote, wala haangalii chini. Anafika juu, anageuka, anashuka vilevile, macho yake yakiwa dirishani.

Huyu si mchuuzi aliyekosea mlango. Ni Eufrazia Banzi, miaka 44, fundi wa ngazi za ndani ya nyumba, na hapo anakagua kazi yake mwenyewe.

Ngazi zenyewe ni za kisasa hasa. Vipandio kumi na sita vya mbao za mtiki vimekaa juu ya boriti moja ya chuma inayopita katikati, na chini yake ni wazi, kiasi kwamba ukiwa mlangoni unaona mbao zimesimama hewani. Ukingo wa kila kipandio umechomekewa utepe wa mbao nyeupe ili jicho la mtu mzima lisihangaike.

"Wateja wananiletea picha kwenye simu, wanataka ngazi inayoelea," anasema huku akitua tenga. "Sawa, nitaifanya ielee. Lakini mguu wa mtu hauelei."

Kwenye kochi la sebuleni, mwenye nyumba anamtazama. Ni Mwalimu Nasra, mstaafu wa miaka 68. Kando ya kochi hilo kuna kitanda, kabati la nguo na fimbo ya kutembelea. Ana vyumba vitatu juu, na kwa zaidi ya miaka mitano hajakanyaga hata kimoja.

Sababu ni ngazi za Eufrazia.

Kipimo cha tenga Eufrazia alikitoa kijijini kwao Kinole, mlimani. Mama yake, Bi. Agnes, alichimba kwa jembe ngazi za udongo kutoka shambani hadi barabarani, na kila moja aliipima kwa mguu wake: kimo cha nusu ya muundi, basi. Wanawake waliteremka hapo na ndizi kichwani, tena wakipiga soga.

"Ukiwa na tenga huioni miguu yako," anaeleza. "Mguu unakumbuka hatua iliyopita. Ikija ya tofauti, umekwenda wewe na ndizi zako."

Alipokuja mjini akajifunza useremala, kisha kuchomelea vyuma, na kila ngazi aliyoijenga aliipanda na tenga kabla ya kuikabidhi. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Hakujali.

Alijali siku moja tu. Miaka sita iliyopita alizijenga ngazi za nyumba hii, akapima urefu kutoka zege hadi zege, marumaru zikiwa bado stoo. Mafundi wa marumaru wakaja baada yake. Siku ya kukabidhi, sebule ilikuwa imejaa wageni waliovaa vizuri, na tenga lake lilikuwa nje kwenye bajaji.

"Niliona aibu," anasema bila kuzungusha. "Nikajiambia, nitaingiaje na matenga mbele za watu kama hawa? Nikapanda mikono mitupu. Macho yakanisaidia, sikugundua kitu."

Kitu kilikuwepo. Saruji na marumaru zilikuwa zimeinua sakafu ya juu kwa sentimita tano. Vipandio vyote vilipishana sentimita kumi na saba, isipokuwa hatua ya juu kabisa, iliyokuwa na ishirini na mbili.

Miezi mitatu baadaye Mwalimu Nasra alitoka chumbani na beseni la nguo mikononi. Hakuiona hatua ya kwanza ya kushukia. Alivunjika nyonga.

Watu walisema ni uzee, naye akakubali. Akahamia sebuleni.

Eufrazia alizipata habari hizo Machi mwaka huu, kwa mteja mwingine, katika maongezi tu. Kesho yake alibisha hodi na futikamba mkononi, akapima mara tatu, akapiga magoti mbele ya kochi.

"Shikamoo mwalimu. Haikuwa miguu yako. Ni mimi."

Mwalimu Nasra anakumbuka alichomjibu. "Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Nilikuwa na hasira, jamani! Miaka mitano naisimanga miguu yangu, kumbe haina kosa." Siku ya nne alimpigia simu arudi.

Kubomoa na kujenga upya kumechukua wiki tano, na Eufrazia hakutaka malipo. Safari hii amepima juu ya marumaru.

"Mwalimu, karibu," anasema sasa, akisogea pembeni.

"Usinikimbize."

Mwalimu Nasra anasimama, anaishika fimbo, kisha anaiegemeza kwenye kochi na kuiacha hapo. Anapanda akihesabu kwa sauti kana kwamba yuko darasani. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Kisha anakanyaga sakafu ya juu na kuingia chumbani.

Dakika zinapita. Eufrazia anaivuta futikamba, anaiachia, anaivuta tena.

"Hee! Haya mavumbi ya nani?" sauti inatoka juu. Mwalimu anatokea amekumbatia mashuka yaliyomfika kidevuni, anashuka huku akifoka kuhusu popo, madirisha na watu wasiofagia, macho yake yakimwangalia Eufrazia usoni mpaka mguu wake unagusa sakafu.

"Mbona unalia? Pokea mashuka haya."

Eufrazia anayapokea. Analia waziwazi, wala hajifichi.

Mwaka ule wa ngazi za mwalimu alijenga nyingine mbili kwa kupima vilevile, nazo alizipanda na tenga kabla marumaru hazijawekwa. Mwenye nyumba ya Kihonda amekubali zirekebishwe. Wa Mikese hapokei simu, kwa hiyo Jumatatu Eufrazia atamfuata mwenyewe. Anataka zote ziwe zimekamilika kabla ya Krismasi, ndipo apande Kinole kusherehekea na mama yake.

Mwalimu Nasra, ambaye tayari anageuka kurudi juu, anasimama kwenye kipandio cha pili.

"Na huko Mikese," anasema, "uingie na tenga lako mlango wa mbele."