Damu Yangu Iko na Miezi Saba

Jumatano ni siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya cha kwetu Kasha. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wamama wanaonyonyesha, maski usoni. Kila mmoja alipakata mtoto. Mimi nilishika karatasi ya daktari wa Inde, yaani India.

Miezi saba kabla ya hapo, huko Inde, waliua damu yangu yote kwa sababu ilikuwa na kanseri, kisha wakanipa mbegu ya damu ya kaka yangu. Greffe, ndivyo wanavyoita kupandikiza huko. Ilishika. Daktari akanieleza kupitia mkalimani: kinga zote nilizokuwa nazo tangu utoto zimekwenda na damu ile. Kuna mikrobe inaitwa pneumocoque, inakaa kimya kwenye pua za watoto. Wao wanaweza kucheza nayo bila kuugua. Kwangu inaweza kushuka kwenye mapafu, ikaingia damu, ikapanda kichwani, na kuniua upesi. Kwa hiyo: chanjo dozi tatu, kila mwezi moja, na nyingine baadaye. Peniseline kila siku, hata nikijisikia mzima. Homa ikipanda, hospitali saa ile ile. Na mtu mwenye mafua asinikaribie.

Hakuniambia watu wa Kasha nitawaelezaje.

Kwetu mgonjwa akirudi, watu wanajaa nyumbani. Wanamkumbatia, wanaomba, wanakula, wanakohoa. Mimi nilifunga mlango. Nikasema asanteni kupitia dirisha. Mama mukwe akaweka sahani ya bugali na sombe kwenye ngazi, akapaza sauti ili majirani wasikie:

"Alienda Inde, amerudi muzungu! Hata mutoto wake anamufukuza!"

Mtoto wangu, msichana wa miaka minne, analala kwa huyo bibi yake, nyumba ya pili. Makamasi hayamwishi. Tangu nirudi sijamshika. Kwenye upande wake wa kitanda sasa inalala hasira yangu.

Basi siku hiyo infirmière, muuguzi wa chanjo, akanifikia.

"Maman, mutoto iko wapi?"

"Mutoto ni miye."

Benchi lote likacheka. "Mumutundike ku balance!" mmoja akasema, akionyesha mzani wa watoto unaoning'inia kwa kamba. "Acha, kamba itakatika!" mwingine akajibu, na mtoto wake akaanza kulia.

Infirmière hakucheka. "Hii chanjo ni ya babébé. Weye uko mukubwa, ulishapata kinga zamani. Mwingine!"

Sikusimama.

"Kinga yangu ilikufa Inde. Soma karatasi. Damu yangu iko na miezi saba. Uyu hapa pembeni yangu iko na miezi ngapi?"

"Mbili," mama yake akasema, pole pole.

"Unamuona? Hata yeye ananishinda kinga. Soma, maman infirmière. Siondoki."

Akasoma. Akaingia ndani na simu kumtafuta daktari wa zone, mkubwa wao wa afya. Wamama wakaitwa na mwenzake, mmoja mmoja, wakadungiwa watoto wao, wakawafunga mgongoni, wakaenda. Hakuna aliyeniaga. Nikabaki peke yangu kwenye benchi lenye harufu ya maziwa, na ule mzani unaning'inia mtupu.

Akarudi. "Daktari amekubali. Unisamehe, maman. Mutu kama weye sijaonaka bado."

Hakuwa na fishi nyingine ya kuandikia chanjo, akachukua kadi ile ya watoto. Penye jina la mtoto akaandika langu. "Na jina ya mama?" Nikamtajia mama yangu. Amekufa zamani, lakini siku ile alikuwa na mtoto wa chanjo.

Akanidunga mkono wa kushoto. "Mwezi ujao usikose. Na dawa yako usiache, chanjo moja haitoshi."

Nyumbani msichana wangu alikuwa ananingojea chini ya ngazi. Nikasimama mbali.

"Maman, ulilia ku sindano?"

"Hapana."

"Miye nililiaka. Sasa naingia?"

Makamasi yalikuwa yamefika mdomoni. Mkono wangu ulitaka kumpangusa, nikauficha ndani ya kitenge.

"Bado. Walisema sindano tatu. Nimepata moja. Na mafua yako iishe kwanza."

Akainua vidole vitatu, akakunja kimoja. Akaviangalia viwili vilivyobaki. Kisha akarudi kwa bibi yake, ameviinua vile vile juu asivisahau. Nikapanda ngazi, nikafunga mlango.