Filamu Niliyoifungua Juani

Nakumbuka mchana mmoja kwetu Izimbya, nilipoifungua kamera ya kaka yangu Rwegoshora juani, ili nione alichokuwa anakiona yeye.

Mwanangu, kaka alikuwa amerudi kutoka vita vya Waingereza kule Burma, mzima wa viungo, lakini hasemi. Tulimpa kahawa ya kutafuna kama mgeni. Akaishika tu mkononi. Mchungaji wetu, Mungu amrehemu, hakumhubiria. Alimpa kamera yake kuukuu ya kisanduku, akasema, "Piga picha za unachotaka. Zikisafishwa mjini Bukoba, tutazitazama pamoja."

Akapiga migomba, kigoda kitupu, njia ya kwenda Kemondo. Picha ya mtu, hata moja hakupiga. Jirani yetu Ma Koku akamtania: "Bwana askari, nipige na mimi basi, au mpaka nizae ndizi?" Kaka akatabasamu! Na Mchungaji alipouliza kile kigoda ni cha nani, alijibu: "Cha aliyebaki kule."

Mimi nikaona Mungu anakawia kumponya. Nilidhani yote aliyoyaficha yamo ndani ya kile kisanduku. Kaka alipokwenda kuoga, nikakifungua, nikaukunjua utepe wote wa filamu. Sikuona kitu. Filamu nzima ikaungua kwa mwanga.

Kaka alipoona, hakunipiga, hakufoka. Aliiweka kamera darini, na kimya kikarudi nyumbani.

Taata, baba yetu, akaniita. "Ulikuwa na haraka ya kuona. Kuonyesha ni kazi ya kaka yako. Nenda ukamwombe radhi, na neno la vita usimwulize."

Nikapiga magoti mbele yake kibanjani, kati ya migomba. "Kaka, nimekosa." Kisha nikakaa naye. Kesho yake vile vile. Siku ya nne alikuja na kamera, ndani yake filamu mpya.

"Simama pale. Na usilie, utaniharibia na hii."

Nikawa mtu wa kwanza aliyempiga picha. Ninayo hadi leo, ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Baada yangu alimpiga picha Mama, kisha Ma Koku, na mwishowe akatutajia jina la rafiki yake aliyebaki kule, na jinsi alivyopenda kuimba.

Mwanangu, ukikaa na mtu aliyeumizwa, mpe kitu cha kushika na muda wa kukitumia. Tazama anachokuonyesha, uliza kidogo. Asichokuonyesha, mwachie yeye na Mungu wake. Naye Mungu aliyenivumilia mimi akujalie macho ya upole na mikono isiyo na pupa. Amina.