Makala Iliyosomwa Nchi Thelathini na Nane

Mayasa binti Hamood aliajiriwa na kituo kimoja cha utafiti wa maradhi, Bagamoyo, kwa kazi ambayo marehemu baba yake, muuza vitambaa, hakuielewa mpaka anaingia kaburini. "Yaani unahesabu wanaosoma?" alikuwa akimwuliza. Naam, ndivyo. Madaktari wakishatoa makala kwenye majarida ya ng'ambo, yeye hufuatilia imefunguliwa mara ngapi, imenukuliwa na nani, katika nchi zipi, kisha hutafuta njia ya kuifikisha mbali zaidi. Kwa miaka tisa aliipenda kazi hiyo.

Mwaka ule makala moja ilizipita zote. Ilihusu watoto wa upande wa Miono waliotibiwa malaria kali kwa sindano. Baadhi yao, wiki moja au mbili baada ya kupona, damu iliwashuka ghafla. Kuwanusuru si kazi kubwa: mtoto arudishwe apimwe damu hata kama anacheza. Nchi thelathini na nane ziliisoma. Mayasa alipowachambua wasomaji wa Tanzania, karibu wote walikuwa Dar es Salaam, na waliobaki walikuwa humo humo ofisini mwake. Huko Miono walikotolewa damu watoto kwa utafiti huo, hakuna hata mmoja.

Akaenda, mpaka zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Miono. Mganga wake, Mwishehe, alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akamwuliza kama akina mama huambiwa wawarudishe watoto baada ya sindano.

"Warudi kufanya nini? Mtu akipona si kapona?"

Mayasa akaeleza. Mzee Mwishehe akavuta daftari la wagonjwa, akafunua kurasa za nyuma, kidole kikasimama kwenye jina la mtoto wa miaka mitatu.

"Huyu wa Kitwana. Alitoka hapa anacheka. Siku ya kumi na mbili wakamleta, viganja vyeupe kama unga. Gari linafika, keshakata roho. Nikawaambia wazazi, kazi ya Mungu." Akainua macho. "Hiyo karatasi yenu ilitoka lini?"

"Machi, mwaka jana."

"Huyu alikufa Novemba."

Mayasa alirudi akaandika maelezo ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, ya kubandikwa ukutani. Mkuu wake, Daktari Yousuf, aliyasifu. "Lakini zahanati hazipokei maelekezo kutoka kwetu, Mayasa. Mpaka kibali cha wizara. Na wafadhili hawapimi karatasi ya ukutani."

Kibali kiliombwa Januari. Kufika Septemba, mara saini haijapatikana, mara faili limehamishwa, mara mhusika yuko safarini. Mwishehe akastaafu, na aliyempokea akakataa kubandika karatasi isiyo na mhuri. Hakuwa na kosa, ndivyo alivyoagizwa.

Basi Mayasa akaenda kwa Kitwana kutoa pole. Alimkuta yeye na mkewe, Mwanajuma, wanapukuchua mahindi. Akawaeleza yote, maana kuwaficha alikuona ni dhambi ya pili.

Kitwana alisikiliza hadi mwisho. "Hao watu wa utafiti nawajua. Walimtoa damu mwanangu mkubwa. Nilitia dole gumba mimi mwenyewe. Walisema itawasaidia watoto wengine."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua."

"Tulijua," Mayasa akasema.

Mwanajuma aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Kitwana alimsindikiza mgeni mpaka njiani, kama adabu inavyotaka, ila hakumwambia karibu tena.

Mayasa bado yupo pale kituoni. Kibali hakijatoka. Barua ya kuacha kazi ameiandika mara mbili na mara mbili ameichana, kwani akiondoka hakuna mwingine atakayeliulizia lile faili.