Nani Ataoga Kwenye Mchungwa

Muuza miche wa Kibwezi aliniuliza swali la kawaida kabisa: "Mzee, unataka mingapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Tangu dada yangu mkubwa aniambie kwenye simu, "Panda kitu pale kwa nyanya tukione, ama tuuze hilo shamba," nimesoma kila nilichopata kuhusu miti ya matunda inayofaa joto letu na mvua zetu chache. Najua upi unavumilia maji ya chumvi na upi hutaka kivuli ukiwa mchanga. Lakini hilo la mingapi lilinirudisha kwa nyanya yangu, kwa sababu yeye hakupanda mti kabla ya kujua ni nani atakayeuogea.

Acha nikueleze. Maji yetu yalichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, yakapanda kilima ndani ya mitungi juu ya punda. Maji ya namna hiyo humwagii mti yakiwa mapya. Lazima kwanza yaoshe mtu. Kwa hiyo kila mti wa matunda bomani ulikuwa na jiwe bapa kando ya shina lake, na kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Jua likishuka ulibeba karai lako, ukatundika leso ya kujisitiri kwenye matawi, ukaoga. Maji yakikutoka mwilini yalielekea mizizini.

Nyanya alichagua miti kwa kuangalia watu. Mgomba, ambao hunywa na haushibi, alimpa kitinda mimba wetu, kwa kuwa mtoto mdogo huogeshwa asubuhi na jioni. Mchungwa aliupa dada yangu mkubwa, msichana makini, kwa sababu mchungwa haupendi povu. Dada alijipaka sabuni na kuitoa kwenye jiwe la mgomba, kisha akaja kujisuuza kwake. Mimi nilipewa mpera. "Mpera hauchagui," nyanya alisema, "na huyu naye haogi vizuri." Mwembe alijiwekea mwenyewe, maana ukishashika chini haukusumbui. Siku moja jirani alimletea mche wa parachichi kutoka sehemu za baridi. Nyanya aliugeuzageuza mkononi, akauuliza kama anayehoji mgeni, "Na wewe utaogewa na nani?" Akamrudishia mwenyewe.

Jioni zile zilikuwa na kelele. Muthokoi wa mahindi na maharagwe unachemka jikoni, moshi unatambaa chini, na sisi tunatukanana kutoka jiwe hadi jiwe.

"Mapera yako yananuka miguu!" dada alinipigia kelele.

"Na machungwa yako yana nywele!"

"Niachie sabuni, wewe! Unaimaliza na hata mwili huna."

Nyanya naye, bila kutoka jikoni: "Ogeni! Sikuleta maji ya mazungumzo."

Machungwa yenyewe yalibaki na ganda la kijani hata yakiiva, kama ilivyo kawaida kwenye joto letu. Jumapili tukitoka kanisani nyanya aliyamenya kwa kisu cha mboga, ganda likishuka utepe mmoja, na dada alipewa la kwanza kwa sababu ndiye aliyelioga. Hivyo ndivyo tulivyosema: kulioga chungwa.

Kisha wakaja wageni kutoka Mwingi kumposa dada. Wazee walijadili mbuzi kutwa nzima, wakaelewana. Nyanya alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Mbuzi ni sawa. Sasa nani ataoga kwenye mchungwa?"

Wageni wakacheka. Mmoja akamjibu, "Mama, tutakuletea mbuzi mmoja wa kuoga." Hata sisi tulicheka. Nyanya hakucheka.

Dada akaenda. Nyanya akanihamishia kwenye mchungwa, na mpera ukaanza kuangusha matunda yakiwa madogo kama vifungo. Baadaye nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Makindu, na mchungwa nao ukabaki na jiwe lake. Wengine wakafuata njia hiyo hiyo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa sababu nzuri. Nikija Krismasi niliikuta miti inakauka kwa mfuatano ule ule wa kuondoka kwetu. Nyanya alijaribu kuizungukia na karai lake, lakini yeye alikuwa mtu mmoja, na mgongo ulikuwa umechoka. Ulibaki mwembe. Upo mpaka leo, nusu yake imeliwa na mchwa, na nyanya hayupo.

Nimestaafu sasa, na ndani ya boma lile ninalala peke yangu. Wanangu wana kazi zao mjini. Lipo tangi la plastiki, lakini mvua za msimu uliopita hazikulifikisha hata nusu.

"Chukua maembe ya kupandikizwa," muuza miche alinishauri. "Hayasumbui." Alisema kweli, na yote niliyosoma yanakubaliana naye.

"Nipe mchungwa," nikamwambia. "Mmoja."

"Mmoja? Na maswali yote hayo, mzee wangu!"

Niliupanda palepale, kando ya jiwe la dada, ambalo nililikuta limefunikwa na majani makavu. Nikampigia simu kumwambia. Akauliza, "Povu je?"

"Nitalitoa kwenye jiwe la mgomba."

"Haya. Basi tusiuze kwanza."

Jioni nilitundika leso kwenye nguzo mbili nilizosimika, maana matawi hayapo, nikajisuuza kwenye mchungwa. Maji ya mtu mmoja ni kidogo sana. Udongo uliyamaliza kabla sijajifunga taulo. Nilikaa pale kidogo, mkononi nina kipande cha sabuni ambacho hakuna aliyenipigia kelele nimwachie.