Nyumba ya Ramlo Muuza Nyama

Ukitaka maneno matamu, usiende kwa Ramlo. Mwanamke yule anauza nyama ya ngamia soko la Garissa tangu mimi sijaolewa, na hajawahi kumwambia mteja karibu. Anakutazama, anakata, anafunga. Ukilalamika mifupa ni mingi, anakuuliza kama ngamia wa kwenu hutembea bila mifupa. Mimi nauza maziwa meza ya pili kutoka kwake, kwa hivyo haya sikuhadithiwa.

Lakini ukiwa mzee uliyepigwa na mwanao, au kiwete uliyefungiwa chumbani wageni wasikuone, katika Garissa nzima mlango wako ni wake. Ana vyumba vya mabati nyuma ya nyumba. Alianza na kimoja, mwaka aliofariki mumewe, alipomkuta bibi kizee amelala chini ya meza yake ya nyama kwa sababu mke wa mwanawe amemfukuza. Akamchukua alale siku ile tu. Yule bibi alikaa mpaka akazikwa. Baada yake wakaja wengine, kutoka Dadaab, kutoka huko Tarbaj, wanaletwa na madaktari, na mwalimu wa madrasa, na hata askari ambao hawajui pengine pa kuwapeleka.

Cha kwanza utakachoona kwake ni makomeo ya milango. Yako chini, usawa wa goti, na yote yako upande wa ndani. Fundi alimcheka, akamuuliza kama anajengea mbuzi. Ramlo akamwambia, "Mtu anayetambaa naye ana haki ya kujifungia mlango. Gonga msumari."

Usidhani ni malaika. Wazee wake anawagombeza asubuhi hadi jioni. Salat, ambaye amepooza upande mmoja, akikataa kuoga huambiwa nzi wa sokoni wamemuulizia.

"Waambie nawasalimu," Salat hujibu. Halafu anaoga.

Na sukari ya chai yake ni ya kusadiki tu, ulimi hauioni. Lakini sijasikia hata mmoja akiomba kuhama.

Mwaka jana, baada ya Idi, bajaji ilimleta Ugbad. Ni kipofu, mzee, hakujaliwa mtoto. Alikuwa akiishi kwa Mursal, mtoto wa marehemu kaka yake. Majirani walimkuta amefungwa kamba mguuni, kamba imefungwa kwenye tendegu la kitanda, na kifundo kimechunika mpaka nyama inaonekana. Hao majirani ndio waliomleta. Ramlo aliosha kidonda mwenyewe, hakusema neno. Ukimwona Ramlo amenyamaza, ogopa.

Mursal alikuja kumdai. Hakuja peke yake, alikuja na wazee wa ukoo wao, mbele yao Dagane, ndevu zimepakwa hina, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mimi nilikuwa nimepeleka maziwa kwa Ramlo, na sikuona sababu ya kuondoka.

"Tumekuja kumchukua eddo yangu," Mursal akasema. Eddo ni shangazi.

"Alikuwa eddo yako ulipomfunga?" Ramlo akamuuliza.

"Alikuwa anatoka barabarani, malori yanapita. Mimi mchana kutwa niko kazini. Ulitaka nifanye nini?"

"Ungeomba msaada. Ulimi wako haukufungwa kamba."

Niseme haki, kijana yule si jambazi. Amechoka, na mkewe amemkimbia. Lakini mbuzi wa Ugbad aliwauza wote, na uchovu hauuzi mbuzi.

Ramlo akawaambia daktari ameliona jeraha, na kesho atampeleka Ugbad kituo cha polisi.

Dagane akainua mkono. "Ramlo, binti yangu, polisi wa nini? Aibu ya nyumba haipelekwi kwa askari. Tuna heer yetu, sheria ya mababu. Jambo hili tutalimaliza kwa maslaha, hapa hapa, tumekaa."

Maslaha naijua. Wazee wanakaa, wanakunywa chai, aliyeumia anaambiwa asamehe, kisha anarudishwa alikotoka. Nimeona wasichana wakirudishwa hivyo. Ugbad naye alisikia. Alikuwa ameketi karibu na ukuta, akakamata kiti chake kwa mikono miwili.

"Sawa, adeer," Ramlo akasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita baba mdogo. "Polisi tuwaache. Tufuate heer. Umesema mbele ya watu?"

"Nimesema."

Wallahi nilitaka kummwagia Ramlo maziwa kichwani.

Akavuta jerikeni, akalikalia. Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwanamke hana kiti kwenye kikao cha heer.

"Ndiyo maana nimekalia jerikeni," Ramlo akamjibu, kisha akamgeukia Dagane. "Nifundishe, adeer. Zamani koo mbili zikipigana, mkuki ulikuwa haumgusi nani?"

Dagane akajibu upesi, maana mzee hupenda swali analolijua. "Biri-ma-geydo. Wale ambao chuma hakiwagusi. Mtoto, mwanamke, mgeni, mgonjwa, mzee, kipofu…"

"Endelea."

Dagane akazishika ndevu zake.

"Mwanamke umesema. Mzee umesema. Kipofu umesema," Ramlo akasema. "Adui angemkuta Ugbad porini wakati wa vita, angempa maji ampishe. Huyu amefungwa na damu yake. Sasa mimi sijasoma, niambie wewe. Heer inamtoza nini mtu huyo? Na inamrudisha Ugbad kwake kwa njia gani?"

Mursal alimtazama Dagane. Dagane alitazama ndala zake. Kisha wazee wakatoka, wakasimama karibu na lango, wakanong'ona mpaka chai ikapoa.

Waliporudi, Dagane hakumtazama Mursal tena. Alisema kamba ile ni kosa kubwa, na kwa jamaa ni kubwa zaidi. Ukoo utamletea Ugbad ngamia wa maziwa, Mursal atarudisha mbuzi, na asimkaribie bila mzee wa ukoo kuwepo.

"Lakini pa kukaa atasema mwenyewe," akamaliza, na sauti yake ikashuka. "Ugbad, walaal, dada yangu, utarudi nyumbani?"

Sisi sote tulimngoja.

"Nataka kwenda chooni," akasema. "Ramlo anipeleke. Halafu anirudishe kwenye kiti hiki."

Mursal alisogea kumshika mkono, nadhani kwa mazoea. Ugbad akauvuta. Ramlo akampa kiwiko, wakaenda polepole, Ramlo akimgombeza kwamba ndala amezivaa kinyume. Waliporudi, wazee walikuwa wameshatoka nje, na Ramlo akamkalisha pale pale.