Pua ya Riyama

Riyama wa Jang'ombe alikuwa akipika udi wa maharusi, vipande vya mti wa kufukiza vinavyopikwa kwa sukari na manukato, tangu hajaolewa. Kipimo chake kilikuwa pua: akiinama juu ya sufuria tu, anajua sukari imeiva au bado. Mwaka jana yakampata mafua makali. Homa iliondoka, lakini pua haikurudi. Aligundua siku Bi Mwanapili, mteja wake wa zamani, alipofungua kopo la udi akalifunga upesi.

"Riyama, huu umeungua."

Tangu hapo hakutulia. Akitoka jikoni anaingia chumbani, ananusa kahawa, ananusa kitunguu, anarudi kunusa tena. Daktari alimwambia anuse vitu vikali kila siku, pengine hisi itarudi. Hiyo "pengine" ndiyo iliyomkera.

Binti yake Ummy, mwalimu wa biolojia huko Amani, akamchukua alasiri moja hadi maabara ya skuli. Chini ya hadubini palikuwa na tone la maji ya dimbwi, na ndani yake vijidudu vya seli moja vikienda mbio. Ummy akatia punje ya chumvi pembeni.

"Chungulia, mama."

Kila kijidudu kilichoikaribia chumvi kilirudi nyuma, kikageuka, kikajaribu upande mwengine. Ummy akatayarisha tone jengine, akaligusisha siki iliyozimuliwa sana. Kwenye siki viliingia, na vikifika ukingoni mwake vinageuka, vinabaki ndani.

"Vina pua?"

"Havina pua wala ubongo. Ngozi ya seli ndiyo inayoonja maji. Vinajaribu huku na huku mpaka vipate pa kukaa."

Ummy alidhani mama atafarijika. Riyama akainuka.

"Hata hivi vinasikia, mie sisikii!" Akatoka, viatu akavisahau mlangoni.

Kesho yake, kwa hasira zaidi kuliko matumaini, akaanza kunusa karafuu, mchaichai na ndimu. Miezi ikapita, anazunguka uani na karafuu mkononi, hapati kitu.

Siku moja, akirudi kutoka Mji Mkongwe, alipita sokoni akasimama ghafla. Kitu chembamba, kibaya, kilimgusa puani. Akapiga hatua mbele, kikazidi. Akarudi nyuma, kikapotea. Akakifuata mpaka kwenye meza ya muuza samaki.

"Samaki wako wameoza!" akasema, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Ah, Bi, unanifukuzia wateja!"

Udi bado hausikii. Siku hizi anayeinama juu ya sufuria ni Ummy, naye Riyama yuko nyuma yake, hakai, anauliza, "Sasa je? Sasa je?"