Neno Moja kwenye Kadi Yangu ya Kliniki

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021, siku nne kabla ya Krismasi, nilijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Nesi wa zahanati yetu ameniomba nisimulie, kwa sababu akina mama bado wanauliza kuhusu chanjo ya korona na mimba. Nitasema yote, na yale yanayonitia aibu pia.

Naishi Kagoma, wilaya ya Muleba. Nimesoma hadi darasa la saba. Mimi na mume wangu Renatus tuna kibanja cha migomba na kahawa, na mbele yetu ni nyumba ya mdogo wake. Mke wa huyo mdogo wake, Jeneroza, akiunguza maharage, harufu inafika kwangu. Binti yetu Domina alikuwa na miaka mitano. Zamani nilikuwa na nguvu. Mimba ya Domina ilifika mwezi wa tisa nikiwa bado nabeba mkungu kichwani, mama mkwe akinifuata nyuma akinigombeza.

Mimba ya pili ilipofika miezi sita nilikwenda kliniki kama kawaida. Nesi Adventina ndiye aliyenizalisha Domina. Baada ya kunipima tumbo akasema, "Mama Domina, leo chanjo ya korona ipo. Wajawazito pia mnachanjwa, ni salama."

Niliogopa. Kwenye simu za watu ilikuwa inazunguka sauti ya mtu tusiyemjua, akisema chanjo hiyo inatoa mimba na kuharibu kizazi. Ningeweza kumwambia nesi kwamba naogopa. Lakini mtu aliyekuzalisha, huku kwetu, ni vigumu kumwambia hapana usoni. Nikasema kwa adabu ya Kihaya, "Mimi nilishachanjwa, waitu. Nilipokwenda Bukoba mjini."

"Cheti kiko wapi?"

"Anacho Renatus."

Akafurahi. Akaandika kwenye kadi yangu: Amechanjwa. Nikatoka nikijiona nimemaliza jambo bila kumkosea mtu.

Ugonjwa ulianza kwa uchovu, nikadhani ni mimba. Asubuhi moja mama mkwe alinipa kahawa ya kutafuna. Ilikuwa kama natafuna vijiti.

"Mama, kahawa hii mbona haina ladha?"

"Ulimi wako ndio umechakaa," akasema, akacheka.

Kesho yake homa ilipanda, kikohozi kikaja, kikavu, cha kuchoma mbavu. Kila nilipokohoa mkojo ulinitoka kidogo. Nilijifukiza siku tatu, kwa majani ya mkaratusi, mlimao na mchaichai, chungu katikati ya miguu na blanketi juu ya kichwa. Humo ndani ya mvuke mtoto alicheza sana tumboni siku ya kwanza. Siku ya tatu alicheza kidogo. Siku iliyofuata sikuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Renatus alinitazama midomo, ilikuwa imegeuka zambarau, akakimbia kutafuta gari.

Hospitalini mjini Bukoba walinibana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni. Daktari alitazama namba, akaita wenzake. Waliniwekea bomba la oksijeni puani, baadaye barakoa ya oksijeni usoni. Daktari akauliza kama nimechanjwa. Renatus alitoa kadi, akasema, "Ndiyo, imeandikwa hapa." Daktari akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Hata pale nilidanganya.

Usiku huo huo uchungu ulianza. Nilisukuma bila pumzi. Kisha chumba kikawa kimya.

Daktari alikuja akakaa kando ya kitanda. "Mama, ni korona. Damu yako ilikosa hewa, na yeye alikuwa anapata hewa kupitia kwako. Pole sana."

Siku ya tatu maziwa yalikuja. Yalilowesha nguo na shuka, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Renatus na baba yake walikuwa wameshamzika kibanjani, mimi sikuwepo. Nilikaa na oksijeni karibu wiki mbili. Niliporudi nyumbani, kutoka kitandani hadi chooni nilipumzika mara mbili. Nywele zilinidondoka zikabaki kwenye kitana. Ni baada ya Pasaka ndipo nilipoweza kupalilia, na bado nilikaa chini kila baada ya migomba michache.

Wageni walipokuja kutupa pole, mama mkwe aliwaonyesha kadi. "Alichanjwa, someni wenyewe. Chanjo ndiyo iliyoua mjukuu wangu." Kadi ilipita mikononi mwa watu. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka chumba cha pili, mlango wazi. Nilisikia kila neno. Nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Nesi Adventina naye alikuja. Mama mkwe hakumpa kiti, wala hakumtolea kahawa. Kumnyima mgeni kahawa hapa kwetu ni kumwambia asirudi. Nesi alisimama mlangoni, akasema pole, akaondoka. Baada ya hapo kuna watu waliacha kumsalimia njiani. Akina mama wakawa wanamwambia, "Tumeona ya Mama Domina." Nilijua hayo yote. Nilinyamaza miezi saba.

Kufikia hapo Jeneroza alikuwa na mimba ya miezi mitano. Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba yake. Yeye ni mtu wa utani, hata msibani anaweza kukuchekesha. Akasema, "Nesi amenifuata tena na sindano yake. Nimemwambia, subiri kwanza nizae, ndipo uniue."

Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya tumbo. Nikaweka kisu chini.

"Jeneroza, sikuchanjwa."

"Nini?"

"Nilimdanganya nesi. Niliogopa kama unavyoogopa wewe. Mtoto wangu aliuawa na korona."

Akasukuma ndizi pembeni. "Miezi yote hii? Mama anamtukana nesi, mtoto wa watu, wewe unasikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Na mimi? Ungeniacha?"

Nikaokota kisu. Aliingia ndani akaniacha na ndizi. Nilizimenya zote peke yangu.

Asubuhi yake alikuja mlangoni. "Vaa, twende. Utamwambia nesi mwenyewe, nikiwepo."

Zahanati ilikuwa imejaa. Nilisema yote mbele ya akina mama waliokaa kwenye benchi. Mmoja akasema, "Ulidanganya mara ya kwanza. Tutajuaje kama leo hudanganyi?"

Jeneroza akamjibu, "Adanganye ili apate nini? Hii aibu?"

Mama mmoja aliinuka akaenda zake. Nesi hakunigombeza. Nilimuuliza lile lililokuwa linanila: kama ningechanjwa, mtoto angekuwa hai? Akasema, "Siwezi kukuapia. Wapo waliochanjwa wakaugua. Ila wengi wao hawafiki kwenye oksijeni. Na chanjo haitoi mimba. Kinga ya mama inapita hadi kwa mtoto." Tulichanjwa siku hiyo, mimi na Jeneroza. Yeye aliumwa mkono siku mbili na homa kidogo usiku wa kwanza. Mtoto aliendelea kucheza tumboni. Alizaliwa mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene, wa kiume, na kilio chake nilikisikia nikiwa nje.

Nashukuru kwamba napumua. Nawashukuru waliokaa nami hospitalini wakati ndugu wengine waliogopa kuja. Kwenu akina mama nina machache. Ukiogopa, sema unaogopa. Nesi hakuli. Muulize mpaka uchoke. Ukiwa na mimba ukakosa pumzi, ondoka kwenye blanketi uende hospitali siku hiyo hiyo. Na chanjo, mimi nisingeikataa tena.

Mama mkwe nilimwambia mwisho. Hakunisemesha wiki nzima. Kadi nilikuwa nimeificha kwenye sanduku chini ya vitenge, kwa sababu ndiyo karatasi pekee iliyoandikwa mapigo ya moyo wa mtoto wangu. Jumatatu iliyopita nilimwambia naipeleka ikarekebishwe. Aliingia ndani, akatoka na kahawa ya kutafuna, ameifunga kwenye jani kavu la mgomba. "Mpe nesi," akasema. 

Nesi Adventina alifungua jani juu ya meza yake. Alitoa punje mbili, akatafuna taratibu. Kisha akavuta kadi, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake Hakuchanjwa, akasaini pembeni. Akanirudishia kadi, akamwita mama aliyefuata kwenye benchi.